Mtoto wa Kuazimwa

Tarehe 2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Basi nimekubali, shingo upande. Umesema mwanangu Chiriku akisikia sauti yangu kwenye simu anagoma kula siku nzima na kukaa mlangoni ananingoja, kwa hiyo simu tumeiweka kando na karatasi ndiyo hii. Dereva wa lori la unga, yule mwenye tumbo linalogusa usukani, anaruhusiwa kupita vizuizi vyote na amekubali kuwa posta wetu. Malipo aliyotaka ni kwamba nisimwambie tena apunguze chumvi.

Homa huku bado haijaachia. Soko limefungwa, shule zimefungwa, na waliokuwa wanaishi kwa kibarua cha kila siku wanakaa vizingitini wakitazamana. Homa yenyewe inawaangusha zaidi watu wazima. Watoto inawapata njaa, polepole, bila kelele, na hiyo ndiyo kazi yangu mimi. Zamani nilikuwa nakusanya kina mama uani kwa zahanati, tunapika uji pamoja, tunaonja, tunachekana. Sasa mikusanyiko imepigwa marufuku. Napita barabarani na kipaza sauti: ongeza kijiko cha mafuta, saga karanga, mtoto ale kidogo kidogo mara nyingi. Nimevaa koti la plastiki, barakoa na miwani, hata nyusi hazionekani. Watoto wananifuata kwa mbali wakiniita Bi Kijiko, na juzi mkuu wangu wa kazi aliniita hivyo hivyo nikaitika.

Nyumba kwa nyumba tunapima mikono ya watoto. Ni utepe mdogo wenye rangi, unauzungusha katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma kijani, mtoto yuko salama. Njano, tunamfuatilia. Nyekundu, anapelekwa siku hiyo hiyo kwenye mahema ya lishe. Kwenu nao watapita, uwatolee Chiriku wampime.

Uji wake usiwe maji maji. Maharage yaponde. Mpe yai kila ukiweza, na usimpe chai kabla ya chakula, inamjaza tumbo bure. Akikataa, mwache kidogo, kisha mrudie. Bado anaivaa ile bangili nyeupe? Nilimvisha kwa sabuni, ikaishia chini ya kiwiko, haikupanda zaidi hata nilipoisukuma. Mwambie ya pili ninayo mimi huku.

Nilikuachia mtoto nikasema ni wiki moja tu, na sasa miezi miwili inakaribia kwisha. Nikivuka kizuizi kuja nitawekwa karantini kwenu, nikirudi nitawekwa karantini huku, na kazi itakuwa imeshakwenda. Nawakumbuka sana.

Mdogo wako,
Bi Kijiko


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka unga na dizeli. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kutafuta salamu na ya pili kutafuta swali. Amri nimezikuta za kutosha. Mimi si mtaa, mwanangu, mimi ni dada yako. Hicho kipaza sauti kiache huko huko.

Sisi tupo. Cherehani inalala zaidi kuliko paka. Harusi hakuna, sare za shule hakuna, nashona barakoa kwa mabaki ya bitana na kumpa anayetaka. Karanga nilizionja mara ya mwisho kabla soko halijafungwa. Kuku wa jirani wote wameliwa, kwa hiyo hilo yai lako sijui litatagwa na nani. Kijiko cha mafuta ninacho, lakini ni ya cherehani.

Nakutania. Usiwe na wasiwasi, Chiriku anakula. Anachagua kama mama yake alivyokuwa akichagua, lakini anakula. Jioni anavaa zile sandali zako kuukuu, anakaa mlangoni na kuwatangazia wapita njia kwamba mama yuko kazini, mama analisha watu. Anaongea mpaka mate yanakauka. Jina la Chiriku hukukosea kumpa.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Wapimaji wameanza mtaa wa juu. Mtoto wa fundi viatu alitoka nyekundu, gari likaja likamchukua kwenda kwenye mahema ya kule uwanja wa mpira. Mahema ya homa yako uwanja huo huo, kilichoyatenganisha ni turubai tu. Tangu siku hiyo hatujasikia kitu. Watu wanasema mengi na najua wengine wanatia chumvi, lakini wewe uko ndani ya kazi hiyo. Hivi mtoto akichukuliwa, mtu wake anaingia naye, au anamwacha langoni? Nauliza tu.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 15 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimecheka hayo mafuta ya cherehani mpaka barakoa ikaloa. Haya, nimekoma, leo sitoi amri. Natoa ushauri: kama karanga hakuna, dagaa wakavu wasagwe unga, kijiko kimoja ndani ya uji, harufu atazoea. Na boga, kama mnalipata.

Sasa nipe pongezi. Tumemaliza kupima mtaa wangu. Mitaa ya wenzangu ina nyekundu kila kona, na mimi mtaa mzima ni kijani, isipokuwa nyumba mbili za njano. Mkuu alinisimamisha mbele ya timu nzima wakanipigia makofi, akasema wengine waje kujifunza kwangu. Najua kilemba cha ukoka nikikiona, lakini hiki nilikivaa kwa furaha. Watoto wa mtaa huu hawaogopi hata kidogo. Kwingine wanalia wakiona koti la plastiki, hapa wananinyooshea mkono wenyewe kabla sijatoa utepe. Kumbe kipaza sauti unachokicheka kinafanya kazi.

Kuhusu mahema, usiyasikilize maneno ya mitaani. Huduma ni bure, ni salama, na wahudumu wamepata mafunzo. Tuwaelimishe wenzetu waache uvumi.

Wakishampima Chiriku niandikie rangi. Neno moja linatosha, nitalala vizuri.

Mdogo wako,
Bi Kijiko


Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Neno moja: kijani.

Walikuja Jumanne, wawili, wamefunikwa kama unavyofunikwa wewe. Wakapima, wakachora alama ya chaki mlangoni, wakaondoka. Makofi hawakupiga. Basi lala vizuri, tulimalize hilo.

Nina habari nyingine njema. Chiriku ametulia. Mlangoni hakai tena. Ukitajwa halii, ananitazama tu, kisha analala. Naona amezoea, na mimi nilikuwa naogopa asingezoea kamwe. Nikikaa kwenye cherehani anajilaza mapajani mwangu, hanisumbui, hata kibweta cha vifungo hakigusi. Namchezesha kwa bangili yako. Naipandisha mpaka kwapani na kumwambia leo umepandishwa cheo, wewe ni jemadari. Zamani angecheka mpaka apaliwe. Siku hizi anatabasamu kidogo, kistaarabu. Lile gauni lake la maua nimelikaza pembeni, limempendeza.

Mvua imenyesha, boga hatujapata.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 27 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechezewa shere, na nataka uisikie kwangu kabla dereva hajakuhadithia kwa mbwembwe zake.

Wiki iliyopita niliingia nyumba ya kwanza ya mtaa wangu, nikamkuta mtoto mnene, mashavu yamejaa, lakini mdomoni ana vidonda. Nikampaka dawa ya zambarau, ile isiyotoka upesi, mdomo wote ukawa kama amekula wino. Leo tumerudi kupima mara ya pili. Nyumba ya nne nikatolewa mtoto wa kike aliyevaa gauni, akaninyooshea mkono kabla sijasema neno. Mdomo wake ni wa zambarau. Nikamuuliza mama jina la mtoto, akataja jina zuri tu la kike. Nikaliita. Mtoto hakugeuka. Badala yake alipiga kelele ya furaha kuelekea dirishani, akaita "Mama", na nje ya dirisha alikuwa amechuchumaa mama mwingine kabisa, anamngoja.

Dada, mtaa mzima ulikuwa unaazimana mtoto mmoja. Wanampitishia uani kwa nyuma, wanambadilisha nguo, mimi nikifika mlangoni ameshafika. Koti na miwani vinanificha wao wasinijue, kumbe na mimi vilinizuia kuwajua. Kijani chote nilichopigiwa makofi ni mkono wa Kibonge, ndivyo wanavyomwita. Wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi mwenye kuhubiri mafuta.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nilikasirika, nikavua miwani, nikawaambia kina mama kwamba nitawapeleka kwa mkuu wote kwa mkupuo. Mwenye Kibonge ni muuza mkaa, mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Aliniambia: "Mwanangu ndiye pekee mwenye mkono mtaa huu, Bi Kijiko. Nikiwanyima wenzangu nitakuwa mtu gani?"

Nikamwomba yule mama wa nyumba ya nne anionyeshe mtoto wake mwenyewe. Alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, amefunikwa shuka, macho wazi, hasemi. Nilipozungusha utepe ulisoma nyekundu, na ulikuwa bado una nafasi ya kukazwa. Mama yake aliniuliza jambo moja tu, kama ataruhusiwa kuingia naye. Nikamwambia ndiyo, mnalala kitanda kimoja, unamlisha kwa mkono wako, hakuna atakayemgusa wewe hupo, na wahudumu wa mahema ya homa wana lango lao, hawavuki. Akajifunga nguo kiunoni, akamnyanyua mtoto, akaniuliza gari liko wapi. Hakuhitaji kingine. Wiki zote hizi nimepiga kelele barabarani juu ya vijiko, na hilo sikuwa nimelisema hata siku moja.

Nimeona aibu, Dada. Kesho tunaanza upya. Nitawapa kina mama utepe wawapime watoto wenyewe, mimi nisimame nje nisome.

Dereva anapiga honi, nafunga hapa.

Mdogo wako,
Bi Kijiko


Tarehe 28 Machi

Dada,

Nimepiga simu yako tangu alfajiri, haipatikani. Dereva hatoki tena mpaka kesho kutwa, na sina njia nyingine ila hii.

Jana baada ya lori kuondoka niliirudia barua yako ya mwisho. Bangili. Niliisukuma mwenyewe kwa sabuni, ikagoma chini ya kiwiko. Mkono uliosoma kijani hauwezi kuipitisha bangili ile kwenye kiwiko, seuze kwapani.

Na huko kutulia. Mtoto mwenye njaa kali hutulia, halii, hachezi, hadai kitu. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, na ndilo ninalowafundisha wengine. Nimelisoma kwa mkono wako nikafurahi kwamba amezoea.

Sikuulizi walimpima nani. Wewe ndiye uliyeniuliza, tarehe tisa, na mimi nikakujibu kwa kipaza sauti. Jibu langu ni hili: unaingia naye. Halali bila wewe. Ukifika langoni sema wewe ndiye mlezi wake, na asikutoe mtu.

Nimeweka utepe ndani ya bahasha, lakini usingoje kumpima. Nenda tu. Naogopa, Dada, samahani kwa mwandiko.

Mdogo wako


Tarehe 31 Machi

Bi Kijiko,

Ni mimi dereva. Nimekukosa zahanati na natakiwa kupakia tena sasa hivi, kwa hiyo namwachia mlinzi karatasi hii.

Barua yako ya pili nimerudi nayo, hii hapa na utepe wake. Ile ya kwanza nilimpa dada yako mkononi. Aliisoma amesimama mlangoni, kisha akaingia ndani bila kuniaga, jambo ambalo si kawaida yake, maana huwa lazima anitanie tumbo kwanza. Leo nimekuta kufuli. Jirani yake, yule mwenye mtoto mnene, ameniambia alitoka juzi asubuhi na mapema, Chiriku mgongoni, hajarudi tangu hapo. Hakusema anakwenda wapi. Kule kwenye mahema lori haliruhusiwi kusogea. Nilishuka nikaenda kwa miguu mpaka kamba ya kwanza, askari akanirudisha.

Mimi si mwandishi, nisamehe kama nimekosea kupanga maneno. Chakula cha leo nimekula bila chumvi, sikuwa na hamu nayo.

Dereva


Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu,

Niko kwenye mahema na Chiriku yu hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Barua hii itatoka kwa mlinzi wa lango. Nilimshonea suruali zamani, na mpaka leo haijaachia mshono, kwa hiyo ananiheshimu. Atampa dereva. Simu yangu usiipige tena, niliiuza mwezi wa pili tukapata chakula. Lile la kugoma kula akisikia sauti yako lilikuwa kweli, lakini mara moja tu, siku ya kwanza. Baadaye nililishikilia kwa sababu simu haikuwepo na sikutaka ujue.

Nilimwazima mtoto wa jirani. Huku hatuna ustadi wa mtaa wako, tulifanya mara moja tu. Nilimvalisha lile gauni la maua na halikumfunga mgongoni, kwa hiyo nilisimama nyuma yake nimelibana kwa vidole wale watu wasione. Chiriku alikuwa chini ya meza ya cherehani, nimemfunika mabaki ya bitana. Hakutoa sauti hata ndogo, na mimi nilishukuru kwamba hakutoa sauti. Nalikumbuka hilo kila nikifumba macho.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Kila barua yako ilikuja na chakula ambacho sikuwa nacho. Yai, karanga, dagaa, boga. Nikimaliza kusoma nilikuwa najiona mimi ndiye ninayemkondesha. Nilipika nilichopata, nikampa chote, akakataa nusu, akapata tumbo la kuhara, akakataa kabisa. Na niliogopa mahema. Nilijiambia wakimchukua na kunifungia lango, nitakuandikia nini? Mungu hakunipa mtoto. Nimepata mmoja tu, tena wa kuazimwa, na nimeshindwa hata kumrudisha kama nilivyompokea.

Kisha dereva akaniletea habari za Kibonge. Nilianza kucheka, nikafika kwa yule mama aliyeuliza kama ataingia na mtoto wake. Hukujua kama unanijibu mimi. Niliingia ndani, nikamtoa Chiriku kitandani, nikamvua gauni, nikamtazama mwili mzima bila kujidanganya. Asubuhi yake nilimbeba nikaja kwa miguu. Langoni niliwaambia mimi ni mlezi wake na kama hawaniingizi watanikuta pale pale mwakani. Wakafungua bila ubishi.

Ni nyekundu, mwanangu. Siku za mwanzo hakuweza kumeza chakula dawa, ile siagi tamu ya karanga ya paketi, nesi akawa anampa maziwa kwa kikombe, tone kwa tone. Sasa anairamba kidogo kwenye kidole changu. Kuhara kumekatika. Bado hasemi neno, na akinitazama ni kama ananiangalia kwa mbali. Nilimuuliza nesi kama atapona. Akasema tumpe siku. Huyu nesi hadanganyi watu na ndiyo maana namwogopa.

Nitukane ukitaka. Ila andika upesi.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 8 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Karatasi ya dereva ilinikuta tarehe moja, na mpaka jana sikuwa najua kama nina mtoto. Mkuu alijaribu kuwapigia watu wa mahema ya kwenu, simu inaita haipokelewi. Jana dereva alipunga bahasha yako dirishani tangu akiwa mbali, akipiga honi njia nzima. Nilikaa chini barabarani na koti langu la plastiki nikalia mbele ya mtaa mzima. Muuza mkaa alinishika bega, marufuku au si marufuku.

Sikutukani. Nilitaka kukasirika, nakiri, usiku mmoja nilikasirika kweli. Kisha nikazitoa barua zangu kichwani moja moja, nikajiuliza ningekuwa wewe ningemwambia nini mtu anayeandika vile. Nisingemwambia kitu.

Usimwite tena wa kuazimwa. Nilipomwacha kwako sikumwazimisha mtu. Ana mama wawili, na mmoja yuko naye.

Mtaani tumepima upya, kina mama wenyewe na utepe mkononi. Nyekundu zimetoka, nyingi kuliko mtaa wowote, na mkuu hapigi makofi tena. Muuza mkaa ananitangulia kwenye kila mlango. Kabla sijafungua kinywa ameshawaambia: unaingia naye, unalala naye, unatoka naye. Wanatoka. Kipaza sauti nimekirudisha ofisini.

Barua hii haina ushauri, hata kijiko kimoja. Ina swali. Tangu Machi nakuuliza mtoto kala nini, na wewe sikukuuliza hata siku moja. Umekula nini, Dada?

Mdogo wako


Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilipofika kwenye swali lako nilikunja barua nikatoka nje ya hema kwanza, maana kuna watu humu na mimi si wa kulia hovyo. Nimekula. Wanatulisha na sisi walezi, wali na maharage, na mpishi akigeuka naongeza. Nesi alinizungushia na mimi ule utepe kwa utani, kisha akaacha kutania akaenda kuniletea sahani ya pili. Chakula cha nyumbani nilikuwa nampa Chiriku, na akikikataa nilikuwa nakifunika nikisema atakula baadaye. Hayo yamekwisha.

Kipimo chake jana ni njano. Ya chini, karibu na nyekundu, lakini nimeiona kwa macho yangu na mkono ni wake mwenyewe. Bangili nimeivua, iko mfukoni mwangu. Tutamvisha tena kwa sabuni ukija, na uisukume wewe.

Sasa nikuambie kilichotokea jana mchana. Nilikuwa namlisha chakula dawa, anakula vizuri tu, mara akasukuma mkono wangu. Nikadhani ameshiba. Akanitazama, safari hii usoni kabisa, akasema, "Mama." Nikamwambia mama mkubwa nipo hapa. Akasema hapana, si wewe. Akashika nguzo ya kitanda, akasimama kwa hiyo miguu yake ya vijiti, akakuita kwa kelele ambazo sikujua kama bado anazo. Akatupa kikombe. Watu wa hema la pili wakaja kuuliza kuna nini. Nesi alikuja anakimbia, akasimama pale na mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Akasema mtoto akianza kudai, amerudi. Nililia na Chiriku, yeye kwa hasira na mimi kwa furaha, mpaka tukachoka wote wawili.

Nesi ana simu. Nambari nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Piga Jumapili baada ya uji wa asubuhi, tutakuwa tumekaa tunangoja. Atakuita, atalia, na mchana kutwa atagoma kula, najua. Mwache agome. Sasa ana nguvu za kugoma.

Dada yako,
Fundi